Nyaya Nne

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako na afya yako imekaa nawe, na kwamba ule mgongo umekubali kunyooka. Mkaza mjomba hajambo? Mwambie namwamkia kwa mikono miwili. Mimi mzima, ila shingo inauma kwa kuinamia meza ya kazi kutwa. Ndiyo urithi ulionipa.

Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunagombana. Mara ya mwisho ulinikatia nikiwa katikati ya neno. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Utasoma mpaka mwisho au utaichana, nami nakujua: huwezi kuchana kitu chenye maelezo ya ufundi ndani yake.

Haya. Ulisema santuri zako siku hizi zinasikika kama mtu anayeimba ndani ya pipa, na kwamba sauti zinayumba. Hapa karakana tunaletewa mashine za santuri za kila umri, na yako naijua kuliko zote, kwa sababu nilikuwepo ulipoiunda kutoka kwenye maiti za mashine tatu. Ina maradhi matatu. Mkanda wa mota umelegea. Kabati ulipoiweka linatikisika mtu akipita. Na kichwa cha sindano ni cha kale, kizito, kinalima santuri badala ya kuisoma.

Ndani ya kifurushi kuna mkanda mpya, mpira wa kutandika juu ya sahani inayozungusha santuri, kisanduku kidogo cha kuongeza nguvu ya sauti kabla haijafika kwenye ampilifaya, na kichwa kipya cha sindano. Kichwa kina pini nne nyuma, na kila pini inavaa waya wake: mwekundu, mweupe, wa kijani, wa buluu. Ni nyembamba kama unywele. Kwako wewe ni kazi ya robo saa.

Niandikie upesi. Nataka kujua umesikia nini.

Mpwa wako,
Mbishi


1 Machi

Mpwa wangu Mbishi,

Marahaba. Sisi tunapumua. Mgongo umekubali kunyooka, sasa goti ndilo limekataa. Mwili wa mtu mzima ni kama kamati, wajumbe hawakubaliani wote siku moja. Mkaza mjomba wako hajambo, anauliza kama unakula au unalamba risasi ya kulehemu.

Kifurushi nimekipata. Mkanda umeingia kama soksi. Mpira umelala vizuri. Habari ya kabati ulisema kweli, ingawa iliniuma. Nimeitoa mashine pale. Jirani alibakiza bamba la jiwe alipojenga ngazi, nikaliomba. Nimeliweka juu ya mipira miwili ya tenisi niliyoikata nusu nusu, mashine ikakaa juu ya jiwe. Sasa mkaza mjomba wako akipita na ndoo, sindano hairuki. Zamani akipita, mwimbaji aliruka ubeti mzima. Kuna nyimbo nimezipenda miaka na sikuwahi kujua zina ubeti wa pili.

Lakini kichwa cha sindano, hapo umeniangusha. Pini moja ilikuja imelegea. Niliigusa tu ikazama ndani. Kuigusa tu, nakwambia. Mtu amefungua redio za watu miaka thelathini na minane, aje ashindwe na pini? Waliokuuzia wamekuuzia takataka. Nimerudisha kile cha zamani na mwimbaji amerudi ndani ya pipa lake.

Wako,
Mjomba


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Goti limejiunga na wenzake? Nasikitika kwa kichwa kile. Pini zile kwa kawaida hazizami hivihivi, lakini wewe si mtu wa kuvunja kitu, kwa hiyo nimeamini kasoro ilikuwa yake.

Nakutumia kingine. Hiki nimekifunga mwenyewe kwenye mashine ya hapa, nikakipigisha santuri nzima, pande zote mbili. Ni kizima kama yai. Nimekizungushia pamba na kukitia kwenye boksi la bati.

Visha kila pini waya wake kabla hujakifunga kichwa kwenye mkono wa mashine. Usiuvute waya wenyewe, shika kile kikofia cha shaba kilicho mwishoni. Na kibano ukishike karibu na ncha. Najua unajua, nasema tu.

Bosi wangu anakuulizia. Nimemsimulia habari za jiwe na mipira ya tenisi, akasema angetamani kukuona.

Mpwa wako,
Mbishi


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo.

Umenifundisha kushika kibano. Asante sana. Ukipata nafasi nami nikufundishe kutembea.

Kichwa chako cha pili kimefika, na pini zake hazina neno. Neno liko kwenye nyaya. Mwekundu ulikatika, nikauunga. Wa buluu ukakatika mara mbili. Nyaya za siku hizi zinatengenezwa kwa matumaini. Kisha kichwa chenyewe kikaanguka chini, sindano ikapinda. Kingekuwa na uzito wa haki, kisingeponyoka.

Nikaona bora niache vitu vya kutumiwa, nifanye vyangu. Mkono mpya nimeutengeneza kwa ubavu wa mwavuli, na nyuma nimening'iniza nati za baiskeli kuupa mizani. Nikaujaribu na santuri yangu ya kwanza kabisa, ile niliyoinunua kabla sijaoa. Mkono uliteleza kutoka ukingoni hadi katikati kama mlevi kwenye matope, ukaacha mchirizi. Sasa santuri hiyo inasema *tak, tak, tak* kila mzunguko, upande mzima.

Kama ungeniletea kitu cha maana tangu mwanzo, nisingefika kwenye miavuli. Ulipokuwa hapa ulikuwa unasikiliza. Siku hizi unatuma maelekezo.

Mjomba


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naamini nyote ni wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeiweka chini nikaenda kunawa uso. Nitasema yaliyo moyoni, na kwa bahati nzuri huwezi kukata simu.

Kwanza, huo si mwandiko wako. Herufi zako zimelala kulia kama watu wanaokimbia mvua. Hizi zimesimama wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Huo ni mwandiko wa mkaza mjomba. Tangu lini unaandikiwa?

Pili, nimetuma vichwa viwili. Cha pili nilikipima kwa mikono yangu. Kama vyote vimefika vibovu, basi ama safari inaviua ama mimi sijui kazi. Unajua hilo linanifanyia nini? Hapa karakana nimeanza kurudia kila kitu mara tatu. Juzi nilifungua mashine ya mteja iliyokwisha kutengenezwa, nikaangalia kama nimeunga vizuri. Ilikuwa nzima. Nikaifunga. Nikaifungua tena. Bosi akaniuliza, "Siku hizi huyaamini macho yako?" Aliyenifundisha kuyaamini ndiye anayeniambia nimemletea takataka.

Na unasema sisikilizi. Mjomba, sifanyi jingine. Kila jioni nakaa na barua zako nikijaribu kusikia mashine iliyo mbali inaumwa nini.

Niambie ukweli. Nimekosea wapi?

Mbishi


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandikiwa na mkaza mjomba wako kwa sababu miwani yangu imevunjika. (Haijavunjika. Ipo usoni mwake.) Hujakosea popote. Tuseme ni safari. Mizigo hurushwarushwa. Tuache habari ya vichwa, tuzungumze mengine. Goti ni zima. Kazi zipo nyingi mno hata sina nafasi ya kukaa na santuri. (Kazi hazipo. Anazirudisha.) Anauliza kwa nini kalamu inaandika wakati yeye amenyamaza. Nimemwambia namalizia nukta.

Mwanangu, sasa ametoka uani kuzungumza na fundi bomba. Naandika haraka.

Mikono ya mjomba wako inatetemeka. Ulianza mkono wa kulia, mwaka jana kabla ya mvua. Kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria iliyoanza kupata moto. Sasa ni yote miwili. Chai namtilia nusu kikombe, na anajua kwa nini, wala hasemi. Wateja wakija na redio anawaambia ana kazi nyingi. Nimemwona amekaa mbele ya meza yake na kile kichwa chako cha kwanza, waya mmoja kwenye kibano, mkono wa pili umeushika wa kwanza, jasho linamtoka. Alijaribu siku nne. Siku ya tano pini ikazama. Hakupiga kelele. Alikifunga kwenye kitambaa akakitia mfukoni, akatembea nacho kutwa.

Nilimwambia twende kwa daktari. Alisema, "Nikienda, itakuwa kweli."

Usimwambie nimekwambia. Lakini nimechoka kuandika uongo kwa mwandiko wangu mzuri.

Anarudi. Anasema nikusalimie, na kwamba lile bomba nalo haliponi.

Mjomba
(na mwandishi wake)


20 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za miwani? Nimefurahi kusikia kazi ni nyingi.

Nimepata wazo. Hapa karakana tulikuwa na mkono mzima wa mashine kama yako. Nimeusafisha, nimeuvisha kichwa kipya, nyaya zote nne nimeziunga mwenyewe, uzito nimeupima. Kwako kuna nati moja tu kubwa ya kukaza chini, unaikaza hata kwa vidole. Mtu yeyote anaweza. Dakika mbili, unasikiliza. Nimekuandikia maelekezo kwa herufi kubwa, kwa ajili ya ile miwani.

Usijisumbue hata kidogo.

Mpwa wako akupendaye,
Mbishi


25 Agosti

Mbishi,

Hii naiandika mwenyewe. Ukishindwa kuisoma, shauri yako.

"Mtu yeyote anaweza." Umeandika hivyo.

Kifurushi chako kinarudi, sikukifungua. Mkaza mjomba wako nimeshazungumza naye. Hanyamazi, lakini nimezungumza naye.

Nilikuweka mezani kwangu ukiwa hujui ncha ya moto ya chuma cha kulehemu ni ipi. Sikukupa hata siku moja kitu kilichokwisha kutengenezwa. Mimi si mteja wako.

Mjomba


14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Kifurushi kimerudi. Barua nimeisoma yote, hakuna neno lililonishinda.

Nisamehe kwa ile sentensi. Nilidhani nakuficha aibu, kumbe nimekutia nyingine.

Naomba unijibu, hata neno moja.

Mbishi


6 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama mgongo umenyooka au goti limekubali. Mkaza mjomba ananiambia kwa simu kwamba upo, unakula, huongei. Nikimwomba akupe simu, nasikia mlango unafungwa.

Basi nitaongea mimi.

Nimekukasirikia, Mjomba. Si kwa ajili ya mikono, mikono haikuombwa. Nimekukasirikia kwa zile barua. Ulijua kwamba vichwa vyangu ni vizima. Ulijua tangu siku ya tano, ulipokitia kile cha kwanza mfukoni. Na bado ukaniandikia "takataka", ukaniacha miezi nikiikagua kazi yangu kama mwizi anayekagua mlango wake mwenyewe. Ungeniambia "mpwa wangu, sishiki tena waya", ningelia siku moja, kisha tungetafuta la kufanya. Badala yake tulikuwa wawili tuliopoteza mikono, mmoja kwa ugonjwa na mwingine kwa uongo.

Nimemaliza hilo. Sasa la pili.

Ule mkono ulioukataa nimeurudisha mezani. Nimeufungua wote. Nimetoa nyaya zote nne, nimetoa kichwa, nimetoa mizani. Bosi alisimama mlangoni akaniangalia nikivunja kazi niliyoifanya siku mbili, akatikisa kichwa akaenda zake. Nakutumia vipande. Hakuna kilichokwisha kutengenezwa humo. Sikuandika maelekezo.

Nani atashika kibano, hilo ni la nyumbani kwako. Kikivunjika, kivunjike. Lakini safari hii uniambie nani amekivunja.

Mpwa wako,
Mbishi


17 Januari

Mpwa wangu Mbishi,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile shikamoo nilizoziacha bila jibu.

Barua hii nimeiandika kwa siku sita, asubuhi tu. Nilikwenda kwa daktari. Alinitembeza chumbani, akaniambia nikunje na kukunjua ngumi, akaniandikisha jina langu. Nililiandika dogo hata mimi nikashangaa. Amesema ni maradhi ya mishipa ya fahamu, hayaponi, yanatulizwa. Nameza vidonge nikiamka, na baada ya hapo nina kama saa mbili ambazo mikono inanitii nusu nusu. Nilikasirika sana kwa daktari. Yeye amezoea, nadhani, maana alinipa kiti na kunisubiri nimalize.

Wateja nimewaambia. Mmoja alisema, "Fundi, sisi tuliliona zamani." Nilitembea barabara nzima nikiona aibu kwa siri niliyoificha peke yangu.

Sasa yale uliyoyasema. Vichwa vyako vyote viwili vilikuwa vizima. Cha kwanza nilikivunja mimi. Cha pili nilikiangusha mimi. Ulifanya kazi safi, nami niliichafua ili yangu isionekane chafu. Nimelirudia hili kwa mdomo mara nyingi kabla ya kuliandika, na bado sijui namna ya kulisema vizuri. Nisamehe, mwanangu.

Vipande vilifika. Nilivipanga juu ya kitambaa cheupe, nikavitazama siku mbili. Siku ya tatu mkaza mjomba wako akavuta kiti akaketi mbele yangu, akachukua kibano bila kuomba.

Nikamwambia, "Hiyo si kazi ya jikoni."

Akasema, "Wala si kazi ya mdomo. Unautaka waya upi?"

Ni miaka mingapi yule mwanamke amepita nyuma ya kile kiti akifagia! Sikuwahi kumwambia njoo uone. Nikamwambia mweupe. Akauchukua wa kijani. Nikapiga kelele. Akauweka chini taratibu, akasema, "Ukinipigia kelele, waya nao hutetemeka." Nikamwonyesha kwa kidole. Ule mweupe uliingia mara ya kwanza. Hajawahi kushika pini ya kichwa cha sindano maishani mwake, na uliingia mara ya kwanza. Sikuweza kumsifu. Nilitoka nje nikasimama uani mpaka nikaweza, nikarudi, nikamsifu.

Asubuhi ya pili tuligombana juu ya wa buluu. Asubuhi ya tatu mwekundu ulikatika. Umeniambia nikwambie nani amevunja: ameuvunja yeye. Alinitazama kama mtu aliyeangusha mtoto. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka hata nikakaa chini. Yeye akanuna, kisha akacheka naye. Kuunga ule waya nilishika chuma cha kulehemu mimi, kwa mikono miwili, yeye akishikilia kifundo changu. Kiungo ni kibaya, kina donge. Ukikiona utanicheka. Lakini kimeshika.

Tuliiwasha. Tuliweka santuri moja ya zamani, ya mwanamke mwenye sauti nzito. Kabla ya neno la kwanza tulimsikia akivuta pumzi. Miaka yote ile, na sikujua kwamba alikuwa anavuta pumzi. Nyuma yake kuna mtu amesogeza kiti. Ametoka kwenye pipa, yuko chumbani. Mkaza mjomba wako alisema, "Huyu amekaa hapo," akanyoosha kidole kwenye nafasi tupu kati ya spika mbili, na palikuwa ndipo hasa.

Basi ingekuwa imekwisha, lakini haijaisha. Kuna mvumo. Upande wa kushoto, mdogo, kama nyuki ndani ya chupa. Wimbo ukiwa mkubwa hausikiki, ukishuka tu, huyo. Nimebadilisha plagi, nimesogeza kisanduku chako, nimekaza kila nati inayokazwa. Umenitoa akili. Nimeamka nao, nimelala nao. Jana nilipiga teke kabati lisilohusika.

Najua wewe unajua ni nini. Najua hata sasa umeshika kalamu. Iweke chini. Usiniambie. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Mkaza mjomba wako anasema ni waya wa ardhi, mimi nasema si waya wa ardhi, na saa mbili zangu za leo bado sijazitumia. Ameshavuta kiti. Ananiita.

Wako,
Mjomba